Kipande cha Blanketi Kilichobaki Kapuni

Kuna watu Mungu aliwapa soni kidogo tu, ya kufunika magoti. Mimi ni mmoja wao. Alipomaliza kugawa akakuta debe zima limebaki, akaangalia huku na huku, akamwona Hyasinta anapita, akammwagia lote.

Hyasinta ni mke wa mwanangu Masatu. Siku ya kwanza alipoletwa hapa Bukima alikaa na njaa mpaka jua likazama, kwa sababu aliona aibu kutafuna mbele yangu. Nikamwambia, "Mwanangu kula, mimi sikuhesabii matonge." Akala. Lakini alikula furu, wale samaki wadogo wenye miba, bila kutoa sauti hata moja. Mimi nimekula furu tangu sijaota meno na sijawahi kuona mtu mwingine akiweza kitu kile. Nadhani samaki wenyewe nao waliona aibu wakateleza kimyakimya.

Kazi yake alikuwaga anashona mablanketi ya viraka. Alianza miaka ile ya baada ya vita vya Iddi Amini, wakati dukani ulikuwa unamkuta mwenye duka na paka wake basi. Foleni ya sabuni pale Musoma ilikuwa ndefu, mwanamke mmoja aliingia kwenye foleni msichana akatoka amebeba mtoto mgongoni, na sabuni hakupata. Kisha serikali ikaanza kusaka wanaoficha bidhaa, watu wakaogopa, wakatupa majora mazima ya vitenge ziwani. Niliona kwa macho yangu samaki sato anashushwa Mwigobero, soko la samaki la Musoma, amejifunga kitenge kiunoni. Atakayebisha aje, nitamwonyesha kitenge.

Sisi wengine ambao hatukupewa nguo na samaki tulivaa tulichokuwa nacho mpaka kikawa wavu. Hapo ndipo Hyasinta alipoonyesha akili yake. Khanga iliyochakaa hakutupa. Shati la Masatu lililobaki kola na mfuko, hakutupa. Mfuko wa ule unga wa njano wa yanga tuliogawiwa mwaka wa njaa, kipande cha tanga la mtumbwi, suruali ya marehemu baba yake, vyote alikata vipande akaviunganisha. Juu anaweka viraka, katikati anatandika masweta mabovu, chini gunia la unga alilolifua mpaka likalainika kama sikio la mbuzi. Halafu anapitisha mshono kutoka juu mpaka chini, mistari na mistari kama matuta ya viazi, ili vile vya katikati visikimbilie kona moja wakati mtu amelala.

Wavuvi wa kambi za Rukuba ndio walikuwa wateja wake. Kile kisiwa kina upepo. Mtu akilala Rukuba bila blanketi anaamka nyusi zake ziko Ukerewe. Masatu mwenyewe alikuwa anavua huko, ndiye aliyepeleka blanketi la kwanza, na wenzake wakapigania kulala karibu naye mpaka wakaona ni heri kila mtu aagize lake.

Lakini sindano ya magunia ina gharama yake. Kidole gumba cha Hyasinta kilivimba, kikakakamaa. Jioni alikuwa hawezi kushika mwiko, ananiomba nimsongee ugali, na hata kuomba huko anaomba akiangalia majivu. Ulipokuja wakati wa ruksa ya biashara, mitumba ikajaa sokoni na vitambaa vikawa vya kuokota. Watu wa Rukuba wakaagiza mablanketi mengi yawafikie kabla ya upepo wa mwezi wa sita. Kitambaa kipo, kazi ipo, kidole hakipo.

Siku moja tunapeta ulezi akaniambia, "Mama, nataka cherehani." Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba mume wa jirani.

"Si useme tu! Nilifikiri unataka kunizika."

"Naona aibu. Watu watasema najifanya fundi."

"Ukinunua jembe wanasema unajifanya shamba?"

Cherehani mpya ya miguu ilikuwepo dukani Musoma. Tulikwenda tukaitazama. Mwenye duka alipotaja bei nilitafuta pa kukaa. Tukasikia Bunda kuna mfanyabiashara anaitwa Kasmiri, anauza cherehani zilizotumika, na anapokea mifugo. Na sisi zizini tulikuwa na mtamba mmoja, mzuri, ambaye Masatu alikuwa amesema, "Huyo ni wa mke wangu, afanye anavyotaka."

Sasa kuchagua. Mimi cherehani naijua kwa kuitazama kwa mbali. Hyasinta naye hajawahi kuimiliki. Kila mtu akatuambia neno moja: "Ninyi mna mkwe fundi, mnahangaika nini?"

Ni kweli. Binti ya Hyasinta, Esta, ameolewa Butiama na kijana anaitwa Burito, na kazi ya Burito ni kutengeneza cherehani. Mafundi nguo wa Musoma na Bunda walikuwa wanamletea mashine zao zikigoma. Anaisikiliza kidogo, anagusa skrubu moja, inaimba. Basi nani angefaa kuliko yeye?

Lakini kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawakalii kiti kimoja. Na kitu cha kulalia, kiwe kitanda, kiwe mkeka, kiwe blanketi, hakitajwi kati yao kabisa. Mama mkwe akikuta godoro la mkwe wake limeanikwa uani, anazunguka nyumba. Sisi mabibi ndio tumesamehewa. Mume wa mjukuu ni mume wetu, tunamtania tunavyotaka. Kwa hiyo nikaambiwa niende, niwe mdomo katikati.

Tulimswaga mtamba mpaka Bunda, tukapumzika njiani kwa ndugu zetu. Hyasinta alibeba kapu, na ndani ya kapu alitia kipande cha blanketi, kona moja aliyoikata kwenye blanketi bovu, yenye tabaka zote tatu. Alisema, "Mama, nitaijaribu cherehani na hiki. Ikila hiki, itakula chochote." Niliona hapo ana akili kuliko sisi wote.

Burito tulimkuta anatusubiri nje kwa Kasmiri, amevaa shati la kwendea kanisani. Alipomwona mama mkwe wake aliinamisha kichwa, akaenda kusimama pembeni kabisa, akawa anaongea na nguzo ya baraza.

"Shikamoo Mama," aliiambia nguzo.

"Marahaba baba," Hyasinta aliliambia kapu.

"Na mimi mkeo hunisalimii?" nikamwuliza.

"Shikamoo Bibi. Mke wangu umenenepa."

"Ni njaa hii, imenijaza maji. Haya, njoo utuchagulie."

Kasmiri alikuwa na cherehani mbili. Ya kwanza inang'aa, imechorwa maua ya dhahabu shingoni, ukijiangalia ndani yake unaona hata meno yaliyong'oka. Ya pili ilikuwa nyeusi, ya mkono, rangi imebanduka, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ilikuwa imekaa mlangoni kama mzee aliyefukuzwa kikaoni.

"Mama, hii ya maua ni mtamba wako bila maneno," Kasmiri alisema. "Ukiishonea, nguo yenyewe inakushukuru. Ile nyeusi usiitazame. Ilikuwa ya mzee mmoja alikuwa anashonea maturubai. Nipe mbuzi wawili uniondolee, inanizuia mlango."

Niliona macho ya Hyasinta yanakwenda kwa ile nyeusi. Akaisogelea, akashika mpini, akauzungusha. Ikatoa mlio kama kinu cha kusaga. Akaingiza mkono kapuni. Nikajua sasa anatoa kipande. Hapo Burito akasogea hatua moja ili asikie mlio vizuri, kivuli chake kikaangukia juu ya kapu. Mkono wa Hyasinta ukasimama humo ndani. Ukatoka mtupu.

"Bibi," Burito akaiambia nguzo, "mwulize Mama anataka kushona nini."

"Anasikia, si kiziwi. Mwanangu, unataka kushona nini?"

Hyasinta akaninong'oneza, "Mwambie nguo."

"Anasema nguo."

"Nguo gani?"

"Mwambie nguo tu. Nguo nguo."

"Anasema nguo nguo."

Kasmiri akacheka. Mtu mwingine barazani naye akacheka. Shingo ya Hyasinta ikalowa jasho. Akafungua kilemba chake kichwani, kitambaa chepesi cha mitumba, akakiweka chini ya sindano ya ile ya maua. Ikapita kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia. Mishono midogo, iliyonyooka, ya kupendeza. Kasmiri akapiga makofi.

Burito hakupiga makofi. Alisema, "Bibi, mwambie Mama, kama ni nguo za kuvaa, magauni na mashati, achukue hiyo ya maua, ni nzima. Lakini kama kuna kitu kizito aniambie. Je, kuna kitu kizito?"

Mimi nilimfinya Hyasinta ubavuni. Kusema kwa niaba yake nisingeweza. Soni ya mtu ni kama nguo yake ya ndani, huwezi kumvulia sokoni. Nikamfinya tena.

"Hakuna," akasema. Safari hii hakupitisha kwangu. Alisema mwenyewe, na mkwe wake akasikia.

Mtamba akabaki kwa Kasmiri, tukaondoka na ile ya maua. Njiani nikamwuliza kwa nini hakuchukua ile ya mbuzi wawili walau. Akanijibu, "Mkwe angesema mama mkwe wake ni maskini wa kununua takataka za mlangoni." Tukaendelea kutembea, Hyasinta kichwa wazi, kilemba kimefungiwa ndani ya kapu pamoja na kile kipande.

Tulipofika Bukima wanawake walikuwa wamejaa uani. Lukresia, jirani yetu mchuuza dagaa, ndiye alikuwa mbele. Lukresia ana mdomo ambao ungefungwa kwenye mtumbwi, injini isingehitajika. Hyasinta akaiweka cherehani mezani, akawashonea ukingo wa khanga. Wakapiga vigelegele. Lukresia akasema, "Sasa blanketi, tuone."

Akatia blanketi. Akazungusha. Cherehani ikasema ka! ikanyamaza. Akaiinua, akatia tena taratibu. Sindano ikapinda. Akaweka nyingine. Ikatembea mishono miwili, ikaruka mitatu, uzi ukajisokota chini kama kiota cha ndege. Sindano ya pili ikakatika, kipande chake kikaruka, jogoo wangu akakimbia na hakuonekana mpaka Pasaka. Tabaka tatu zilikuwa zinakwama chini ya kile kijiguu chake cha kukanyagia kitambaa. Ilikuwa nzima kabisa, ila kazi haikuwa yake.



"Nani aliwachagulia hii?" Lukresia akauliza.

Hyasinta aliendelea kuchomoa uzi kwa kucha.

"Si mkwe wao," mwingine akajibia. "Yule fundi wa Butiama."

"Aaa! Amemchukulia mama mkwe mtamba akampa sanduku la maua?"

Hapo Hyasinta alipaswa kufungua mdomo. Nilimtazama. Midomo ilitikisika, lakini ili kumwokoa Burito ilibidi aseme kwamba alimficha blanketi, na kusema alimficha blanketi ni kulitaja blanketi na mkwe katika sentensi moja mbele za watu. Akainama akaokota vipande vya sindano.

Lukresia alipanda boti na dagaa zake kwenda Mwigobero, na habari akaipakia juu ya magunia. Habari za Mwigobero zinakua haraka kuliko sangara. Zilipoturudia Bukima, Burito alikuwa amechukua ng'ombe watano, na cherehani ilikuwa sanduku la redio lisilo na redio. Tukacheka, mimi na wengine. Hyasinta hakucheka. Aliifunika cherehani kwa khanga kama maiti, akarudi kwenye sindano ya magunia. Nilikuwa namsikia anapuliza kile kidole gumba kila akivuta uzi.

Kisha akaja Esta.

Aliingia jua likiwa kali, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuomba maji.

"Mama, kweli Burito alikudanganya?"

Hyasinta alikuwa anachambua mchicha. Akaendelea kuchambua.

"Mafundi wa Musoma wamekuja kuchukua mashine zao. Wa Bunda pia. Wanasema mtu anayemwibia mama mkwe wake, wao watapona vipi? Wanamwita Fundi Maua. Anakaa kibandani mikono magotini, hana hata mashine moja ya kufungua. Nikimwuliza ananijibu hivi: 'Mama yako ndiye anajua.' Basi nimekuja nijue."

Mchicha wote ulikuwa umekwisha kuchambuliwa, Hyasinta sasa alikuwa anachambua mabua.

Nikaona niokoe jahazi. "Esta mjukuu wangu, sikiliza. Cherehani ilikuwa nzima, ila tulipofika kule ufukweni, mamba alitoka majini akaing'ata. Nitakwenda Mwigobero mwenyewe niwaelezee. Mamba mkubwa, mwenye jicho moja. Wataniamini, mimi wananiamini hata nikisema kweli."

Esta alitaka kucheka akalia. Hyasinta akainua kichwa.

"Mama," akaniambia, "uongo wako ni mzuri sana. Lakini haushoni kitu." Akasimama, akakung'uta majani kwenye khanga. "Kesho tunakwenda Butiama."

Nilifikiri atatia blanketi kapuni. Hakutia. Alichukua blanketi zima, lile ambalo cherehani ilikataa, lenye shati la Masatu na suruali ya marehemu baba yake na maandishi ya unga wa yanga, akalitupia mabegani wazi kama mtu anayetoka kuoga. Esta akajitwisha cherehani, mimi nikambeba mtoto. Njia nzima watu walikuwa wanatugeukia. Mwanamke aliyebeba blanketi kwenda kwa mkwe wake! Wazee walitema mate pembeni. Hyasinta alitembea akiangalia vidole vya miguu yake kama vile anavihesabu asije akaacha kimoja.

Tukaingia Butiama siku ya mnada, na kumbe hatukuichagua, ilituchagua. Ng'ombe, mbuzi, wauza chumvi, watu tele. Kibanda cha Burito kiko kando ya njia ya mnadani. Kijana alipoona nani anakuja na amevaa nini mabegani, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akaingia nyuma ya mlango. Watu wakaanza kukusanyika. Mtu mmoja anaitwa Matiko, mnunuzi wa ng'ombe mwenye koti la mvua hata kiangazi, akapanda juu ya jiwe ili aone vizuri.

Hyasinta akasimama barazani, akakipa kibanda mgongo. Burito ndani, naye amegeukia ukuta. Mimi katikati kama bawaba.

"Mama, mwambie," Hyasinta akaanza. "Mwambie, kule Bunda aliniuliza kama kuna kitu kizito."

"Anasema kule Bunda ulimwuliza..."

"Nimesikia Bibi," sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Mwambie nilisema hakuna. Kilikuwepo. Kilikuwa kapuni, na mkono wangu ulikishika. Yeye alichagua vizuri kwa nilivyomwambia. Mimi sishoni nguo za kuvaa." Blanketi mabegani lilikuwa linatetemeka, na siku hiyo hapakuwa na upepo. "Nashona blanketi. Za kulalia. Mwambie hivyo, na hawa wote wasikie."

Nawaambieni, hata ng'ombe waliacha kulia. Dume mmoja alikuwa ameinua mkia afanye haja yake, akaushusha.

"Mama mkwe anataja blanketi kwa mkwe!" Matiko akapiga kelele kutoka juu ya jiwe. "Dunia imekwisha!"

"Haijaisha," nikamwambia. "Ikiisha tutakuita wewe upige mbiu, mdomo unao. Kaa chini."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikumfikia Hyasinta. Alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, hayafuti, maana kuyafuta ni kukiri yapo.

Kisha Burito akasema, polepole, "Bibi, mwambie Mama aiweke hiyo cherehani mezani hapo nje, ashone hicho kitu. Mimi sitatoka. Nitasikiliza."

Esta akaitua. Hyasinta akaketi, akakunja lile blanketi chini ya sindano mbele ya mnada mzima. Akazungusha. Ka! Ikanyamaza. Akazungusha tena.

"Basi, basi," sauti ikatoka ndani. "Asiitese. Bibi, mwambie Mama cherehani ni nzima. Iko kwenye kazi isiyo yake, kama mbuzi aliyefungwa plau. Ile nyeusi ya mlangoni ndiyo ng'ombe wake wa kulimia. Mlio wake niliusikia siku ile."

"Anasema..."

"Na mwambie," Burito hakunipa nafasi, "kosa si lake peke yake. Niliona mkono umeingia kapuni ukatoka mtupu. Nilijua kuna kitu. Niliuliza mara moja, nikaona aibu kuuliza mara ya pili. Fundi gani anauliza mara moja?"

Hilo sikulirudia. Nilimwona Hyasinta amelisikia. Akavuta kona ya blanketi akajifunika uso, blanketi hilohilo, halafu akakumbuka ni kitu gani, akaliachia haraka kama limemuunguza.

Burito alikwenda Bunda mwenyewe na ile ya maua. Kasmiri alifikiri kijana amerukwa na akili, kurudisha cherehani ya mtamba na kuchukua takataka. Mtamba alikuwa ameshakwenda kwa mtu mwingine, hivyo akatoa ile nyeusi na mbuzi jike kadhaa juu yake, akamsindikiza mpaka njiani asije kijana akabadili mawazo. Burito aliifungua, akaipaka mafuta, akaondoa mpira wa baiskeli akachonga mpini wa mti. Kwa kuijaribu alikunja suruali yake mwenyewe mara nne. Esta anasema ilipita bila hata kukohoa, na suruali mpaka leo haikunjuki.

Mashine ya Burito ya kwanza kurudi kibandani ilikuwa ya fundi mmoja wa Musoma aliyekuwepo mnadani siku ile kununua mbuzi. Wengine wakafuata. Habari ya mnadani ilitembea kwa miguu, ikachelewa kidogo, lakini ikafika Mwigobero na kuipita ile ya Lukresia. Jina la Burito likasafika.

La Hyasinta ndilo lililobaki na doa. Pale sokoni wanawake walikuwa wanamnong'onea, "Yule ndiye aliyejitanda blanketi kwa mkwe." Alifika mahali hakanyagi Mwigobero. Mablanketi nikawa napeleka mimi, na ninawaambia wateja yameshonwa kwa manyoya ya chui wa Serengeti, wananunua mara mbili. Ile nyeusi inalia kama kinu, tukishona karibu na ufuko viboko wanatoka kusikiliza. Mablanketi ya Rukuba yalifika kabla ya upepo, na kidole gumba kikaanza kukunjika tena.

Blanketi la kwanza kabisa kutoka kwenye cherehani ile hakuliuza. Alilikunja, akalitia kwenye gunia, akalifunga mdomo kwa kamba.

"Mama, peleka Butiama kwa Esta."

"Nikiulizwa ni nini?"

Alikuwa amegeukia ukuta. "Sema mbegu."

Nikapeleka. Burito alikuwa kibandani amezungukwa na mashine, mikono imejaa grisi. Nikamwambia, "Mume wangu, mama yako ameleta mbegu za ulezi." Akalitazama gunia. Gunia la ulezi linajulikana, halikai mraba namna ile. Akafuta mikono, akalipokea kwa mikono miwili, akampa Esta alipeleke ndani bila kulifungua.

Nilirudi tena kwao kulipokuwa na baridi, gunia nikalikuta tupu. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka njiani, akakohoa, akaangalia mti.

"Bibi, mwambie Mama zile mbegu zimeota."

Nikamkuta Hyasinta kwenye mashine, anapitisha mistari kwenye blanketi la mvuvi mmoja wa Rukuba. Nikamfikishia kama nilivyopewa, bila kuongeza chumvi. Hakugeuka. Alivuta khanga akajifunika uso kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukaendelea kuzungusha mpini, na mstari ukapinda, ukaenda upande kama njia ya ng'ombe waendao majini, mpaka ukingoni.

"Umeuharibu," nikamwambia.

"Nimeuona," akasema chini ya khanga. Hakuufumua.